Hapa si Jela

Mzazi akikuambia mtoto wake ameshindwa na shule na sasa anampeleka kwa fundi, mwangalie mdomo. Unakunjika kama wa mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Nimeuona mdomo huo Kawangware, nimeuona Kibera, nimeuona kwa akina mama wa kanisa. Mwaka ule mjukuu wangu alipomaliza darasa la nane, niliuona kwangu mwenyewe, kwenye kioo kidogo nilichokuwa nimekitundika kando ya dirisha. Kwa hivyo sijitoi. Nataka kuandika juu ya mtu mmoja ambaye hakuuvumilia mdomo huo hata siku moja.

Jina lake silitaji. Alikuwa nalo kwenye kitambulisho kama watu wengine, lakini sisi tulimwita Fundi na akaitika. Kwao ni upande wa Ziwa. Zaidi ya hapo sikuuliza, kwa sababu sikuwa natafuta kumwoza mtu. Mimi nilianza kumjua kwa mikono. Nilikuwa nauza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye mijengo, nikibeba sufuria kichwani kutoka Kawangware hadi popote watu walipokuwa wakijenga, na anayepakua chakula huona mikono kabla ya sura. Yake ilikuwa mipana, ngozi imepasukapasuka kwa simiti, na kidole gumba kimoja hakina kucha. Alipokea sahani kwa mikono miwili, kisha akala amegeukia ukuta. Mwanzoni nilidhani ana madharau. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anaiangalia kazi yake ya asubuhi, na mara nyingine aliacha githeri nusu akaenda kulitoa jiwe alilolipanga mwenyewe.

Alikuwa fundi wa mawe. Lakini siku ambazo hakukuwa na mjengo, na Jumamosi zote, alifundisha watoto wa watu kule Mashimoni, ndani ya Kibera, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya kibanda cha maji. Na hapo mlangoni ndipo alikuwa na swali lake. Mzazi akifika na mtoto, Fundi hakuuliza ana miaka mingapi, wala hakuuliza ana nguvu. Aliuliza, "Amekosa nini?"

Wazazi walijibu haraka, maskini, kama walio mbele ya chifu. Ameanguka mtihani. Amefukuzwa. Anatoroka shule, anavuta sigara, hasikii. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mrudishe nyumbani. Hapa si jela."

Na akarudi kwenye mawe yake. Nimewaona wanaume wazima wakimsihi. Mmoja wa kule Laini Saba alimwambia kwamba huyu kijana hana kichwa, labda mikono itamsaidia. Fundi alimuuliza kama yeye angekubali kulala chini ya ukuta uliojengwa na mtu asiye na kichwa. Fundi akamwambia tena, na hii ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia kwake, kwamba mnachukua watoto wenye akili mnawapeleka wakapige mihuri ofisini, mnaniletea mimi wale mliochoka nao, halafu nyumba ikianguka mnakuja kulia na kuuliza nani alijenga. Nileteeni waliopita. Nileteeni namba moja wa darasa, nimfundishe kona, halafu mwone.

Namba moja hakuletwa. Lakini Fundi hakuacha kumwitisha.

Kuna jambo ambalo wageni hawakulielewa pale Mashimoni. Kile kiwanja kilikuwa na ukuta ambao haukuisha. Mawe yalikuwa machache, yametoka kwenye mabaki ya mijengo, na simiti hakuwa nayo ya kuchezea. Kwa hivyo wanafunzi walijenga kwa udongo. Asubuhi walikoroga udongo, wakavuta kamba, wakapanga mawe safu juu ya safu, kona mbili na nafasi ya dirisha katikati. Jioni saa kumi na moja waliubomoa wote, wakasugua kila jiwe, wakayapanga pembeni kwa ukubwa. Siku iliyofuata wakaanza tena. Maji ya kukoroga hayakuwa ya kununua. Akina mama wa ploti jirani walimletea maji waliyofulia nguo, na udongo wa Fundi ulinuka sabuni. Watoto walimcheka kwamba huyu mzee anajenga nyumba ya kuoga.

Basi siku moja wakaja watu wa chifu. Wakati ule mtu hakuruhusiwa kujenga kwa mawe Mashimoni. Ilikuwa matope na mabati tu, ili siku ya kufukuzwa mfukuzike haraka. Kuna mtu alikuwa amepeleka maneno kwamba Fundi anainua nyumba ya mawe. Wakaja watatu, na nyundo kubwa, na hasira ya kushuka mteremko kwa jua. Mimi nilikuwa nimepita pale na sufuria tupu, nikasimama kuona.

Fundi aliwaambia wangoje saa kumi na moja, wataona ukibomolewa bure. Aliubomoa jana, aliubomoa juzi, na Jumamosi iliyopita aliubomoa mara mbili kwa sababu kona ilikuwa imelala. Wao wakadhani anawafanyia mzaha. Mkubwa wao akainua nyundo. Hapo ndipo Fundi alipokasirika kweli. Alimshika mkono akamwambia kama ni kubomoa, abomoe vizuri. Aanze juu. Jiwe la kona alishike kwa mikono miwili, asiliangushe, likivunjika pembe ni yeye atalichonga. Sijui ni ile sauti au ni nini, lakini nilikaa pale nikamwona askari wa chifu akitoa mawe moja moja na kuyapanga kwa ukubwa, jasho linamtoka, huku wanafunzi wakimwelekeza. Walipomaliza, mmoja wao akamvuta Fundi kando akamwambia ana mdogo wake nyumbani, angependa aje ajifunze. Fundi akamuuliza amekosa nini. Askari akasema amefukuzwa shule. Fundi akamwonyesha njia ya kurudi.

Alikuwa mtu mgumu, na sitaki mfikiri nampaka mafuta. Alikuwa na tabia zilizochosha. Hakupita ukuta bila kuubandika kiganja, iwe ni benki, iwe ni choo. Hakutaka kusikia neno "karibu sawa". Mwanafunzi akilitamka, alirudishwa kusugua mawe siku nzima. Kanisani alikuja na timazi mfukoni, ile kamba yenye chuma kizito chini ya kupimia kama ukuta umesimama wima, na Jumapili moja, watu wakiwa wanaimba, alienda mbele akaining'iniza kwenye ukuta nyuma ya mhubiri. Kisha akatangaza kwamba ukuta umeinama upana wa vidole viwili na wanaokaa upande ule wahame. Mhubiri alisema sisi hatukuja kuabudu ukuta. Fundi akahama benchi peke yake, na miaka yote baadaye akakaa upande wa pili, na akina mama wa kanisa wakamcheka. Lazima niseme ukweli: ule ukuta haujaanguka hadi leo. Nilipomkumbusha, alisema haujaanguka bado.

Na nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya matope. Mtu aliyepanga mawe ya majumba yenye ngazi mbili za kupandia alilala kwenye chumba kimoja ambacho mvua ikinyesha, ukuta wa nyuma unameguka kama ugali. Vijana walimuuliza mbona hivi. Alisema ukuta wa matope ni wa mwenye ploti, na mwenye ploti hakumwomba kazi.

Sasa niseme vile mjukuu wangu alivyofika kwake, maana hapo ndipo mimi nilipoaibika.

Anaitwa Mumbua. Nimemlea mimi tangu anyonye chupa. Matokeo ya darasa la nane yalipotoka hakuitwa sekondari yoyote, na majirani wakaja kunipa pole kama kuna msiba. Mmoja alikuwa na tajiri mahali anayetaka msichana wa kazi za nyumbani. Mimi nilijua hizo kazi. Nilizifanya nikiwa na miaka yake, nikalala jikoni, nikaitwa "wewe" miaka minne. Nikasema afadhali ajifunze kitu cha mkononi. Nikamvalisha sweta safi, tukatembea kutoka Kawangware, tukavuka Soko la Toi, tukashuka Mashimoni. Nilijua lile swali. Nilikuwa nimelisikia mara nyingi nikiwacheka wenzangu. Na bado Fundi aliponiuliza, mdomo wangu ulijibu wenyewe.

"Ameanguka mtihani," nikasema.

Hakunipunguzia kwa sababu ya githeri. "Mrudishe, Mama Kioko. Hapa si jela."

Nilirudi nimenuna kutoka Mashimoni hadi mlangoni kwangu. Mumbua alilivua lile sweta safi akalikunja njiani, na hilo liliniuma zaidi. Kutoka siku hiyo nikawa naenda naye mijengoni anisaidie kubeba sahani, na sikumuuliza anataka nini, kwa sababu hata mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Ilikuwa kama mwezi hivi. Tulikuwa kwenye mjengo mmoja upande wa Kawangware, Fundi anakula amegeukia ukuta kama kawaida. Mumbua akiwa anakusanya sahani akasimama nyuma yake, akasema jiwe la tatu kutoka kona limekaa vibaya. Wanaume wakaacha kutafuna. Mimi nilitaka ardhi inimeze, mtoto wa kike anamsahihisha mtu mzima na mdomo wake una chakula. Fundi akainuka, akaweka pima maji juu ya lile jiwe. Akapima mara mbili. Jiwe lilikuwa sawa kabisa. Akamuuliza ni kitu gani kilimfanya aseme hivyo. Mumbua akamwambia kuna kivuli chini yake ambacho mengine hayana. Fundi akachuchumaa. Kweli kulikuwa na kivuli, pembe ya chini ilikuwa imemeguka kidogo.

"Umekosea," akamwambia. "Lakini umeangalia. Kesho uje Mashimoni. Na nyanya yako aje."

Hiyo ilikuwa desturi yake nyingine. Hakuchukua karo. Alitaka mzazi akae pale siku nzima ya kwanza, tangu asubuhi mpaka ukuta ubomolewe, aone mwenyewe. Wengi walikataa, wakasema wana kazi. Mimi niliacha kupika siku hiyo. Aliniweka kwenye ndoo iliyopinduliwa akanipa ncha moja ya kamba niishike, na kila nilipolegeza kuzungumza na mtu alisema "Mama" tu, nami nikavuta. Nikaona vile mtoto anavyochagua jiwe, analigonga kwa nyundo ndogo asikie kama lina ufa ndani, analigeuza, analikataa. Nikaona Mumbua akikaa dakika nyingi juu ya jiwe moja, ulimi umetoka pembeni, na hakuna aliyemwita mjinga. Jioni mabega yalimuuma hata kuvua sweta ilikuwa shida. Nikamuuliza kama atarudi kesho. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama atakula.

Alikaa kwa Fundi miaka. Na hapa lazima nieleze jambo moja la mjengo ili mnielewe. Kwenye mjengo kuna watu wa aina mbili. Kuna fundi, na kuna mtu wa mkono. Mtu wa mkono anakoroga, anabeba karai la simiti, anachota maji, anaitwa kwa kidole. Fundi anashika mwiko wa kupakia simiti. Na katika mafundi wenyewe, anayepanda kona, anayeanza kuinua pembe za nyumba, ndiye mwenye ukuta, kwa sababu kamba inafungwa kutoka kona hadi kona, na wengine wote wanafuata kamba. Kona ikikosea, nyumba nzima imekosea kwa adabu.

Fundi alikuwa mchoyo wa hilo neno. Vijana aliowafundisha, wengine wakiwa tayari wana ndevu na kazi zao, bado aliwaita kwa majina yao. Hakuwahi kumwita mtu fundi. Walikuwa wakienda kwake Krismasi na sukari na majani ya chai, wakakaa wakingoja litoke mdomoni, wakarudi bila. Kwa Mumbua mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mjengoni walimwita msupa, yaani mrembo, wakamwita madam, wakamtuma maji. "Sasa msupa, chota maji basi, wacha kuharibu kucha." Anapanga mawe bora kuliko wao na bado mwisho wa siku anahesabiwa pamoja na watu wa mkono. Siku moja nikamwambia awapuuze. Akasema, "Susu," vile sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, "hao si kitu. Mimi nangoja yeye aseme."

Basi mimi pia nikaanza kungoja. Na mtu akikungojesha sana unaanza kumchunguza.

Nilichokuta kilinikasirisha. Fundi alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, anasoma shule ya bweni. Siku moja likizo yule kijana alikuja mjengoni kuleta fomu ya shule ya kutiwa sahihi. Shati jeupe, tai, viatu vinang'aa. Na huyu Fundi wetu, huyu wa nileteeni namba moja, alivua koti lake akalitandika juu ya jiwe mtoto akalie. Akasimama kati yake na vumbi. Yule kijana, kwa kutaka kujua tu, akaokota mwiko akaugeuza mkononi. Fundi akamkemea mpaka watu wa juu ya ukuta wakainama kutazama. Weka chini. Wewe si wa hii.

Nilisubiri kijana aende. Nikampakulia Fundi, nikasimama mbele yake, katikati yake na ukuta.

"Fundi, huyu kijana wako amekosa nini?"

Hakuelewa.

"Nauliza amekosa nini hata asiruhusiwe kushika mwiko."

Akaweka sahani chini. "Mama Kioko," akasema, "mimi nimetukanwa sana katika kazi hii."

"Na wangu atatukanwa kidogo?"

Sikumwonea huruma, na hata sasa sioni kwa nini ningemwonea. Nilimwambia kwamba anasimama mlangoni Mashimoni akiwakunjia wengine uso kwa kuidharau kazi, na yeye ndiye wa kwanza kuidharau, anaificha ili mtoto wake asiione. Kama ni nzuri ni nzuri kwa wote. Kama ni ya kutukaniwa, anirudishie mjukuu wangu leo. Nilisema na mambo mengine ambayo hayafai kuandikwa. Alimaliza githeri yake, akaiosha sahani mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaniletea.

Msifikiri alibadilika na kumtoa kijana shule. Hapana. Yule kijana alisoma akamaliza, akapata kazi ya karani mjini, na sina neno baya juu yake. Nikikutana naye ananisalimia vizuri. Lakini wiki iliyofuata kulitokea jambo, na mpaka leo sijui kama ni maneno yangu au ni haja ya kazi.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, kuta za chini zinapandishwa. Kijana aliyekuwa akipanda kona ya nyuma alikuwa amelazwa na malaria. Fundi akamwambia Mumbua, mbele ya watu wote, achukue kona. Msimamizi wa mjengo akasema haiwezekani. Akasema mwenye nyumba akija akute msichana kwenye kona, yeye atasema nini? Mwingine kutoka juu ya ukuta wa mbele akasema mwanamke akianza ukuta, ukuta unakataa. Wakacheka. Fundi akasema ukuta ukikataa atamlipa mwenye nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na akamwonyesha Mumbua kona kwa kichwa.

Mumbua akajenga. Mimi nilikuwa nimefika na sufuria, sikuifungua. Akapanda safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikaanza kupumua. Hapo akakosea. Kamba ya katani aliifunga asubuhi ikiwa na umande, imekaza kabisa. Jua likapanda, kamba ikakauka, ikalegea katikati kidogo tu, jambo ambalo kila mtu wa mawe analijua na kila mmoja limemkuta mara moja. Hakuikaza. Alikuwa na haraka ya kuwaonyesha wale wa juu. Kufika safu ya tano ukuta ulikuwa umeshuka katikati kama mgongo wa punda mzee.

Msimamizi akasema, "Si nilisema." Mumbua akasimama na mwiko mkononi, macho chini, na kuna mtu alipiga mluzi.

Fundi akapita mbele yao wote, akapima, akaanza kubomoa. Simiti haikuwa imeshika. Alitoa mawe kutoka juu, kwa mikono miwili, akayapanga kwa ukubwa. Alipofika chini akavua shati. Akaenda kwenye rundo la mchanga, akachukua sepeto kutoka kwa kijana mmoja, akakoroga simiti. Akajaza karai. Akalibeba begani, yeye, mtu ambaye msimamizi mwenyewe alimwamkia kwa heshima, akaliweka karibu na mguu wa Mumbua.

"Unataka iwe nzito au laini?" akamuuliza.

Mumbua akatazama nyuma yake kama anaulizwa mwingine. Fundi akamuuliza tena, vile mtu wa mkono anavyomuuliza fundi wake. Mumbua akasema laini kidogo. Fundi akaenda kuongeza maji.

Alimbebea simiti mpaka saa kumi. Alimchotea maji. Mumbua akikaza kamba, Fundi anashika ncha ya pili. Hakugusa jiwe hata moja. Yule wa mluzi alishuka akaja kubeba mawe bila kuambiwa. Ule ukuta ulipanda safu saba na uko pale, mkitaka nitawaonyesha. Githeri yangu ilipoa siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Na bado jioni alipomuaga alisema, "Mumbua, kesho mapema." Mumbua, sio fundi. Tulitembea mpaka nyumbani. Nilifikiri atalia. Alichoniambia ni kwamba aliisahau kamba, na hataisahau tena.

Mara ya mwisho ninayotaka kuiandika ni ile miaka ya tisini ikielekea kuisha. Vumbi la mawe lilikuwa limemwingia kifuani. Alikohoa mpaka anashika kitanda, na hakuenda mjengoni tena. Mumbua alikuwa Kawangware, amepewa kona zote nne za nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, na watu sita chini yake, wanaume wanne. Kazini wengine walimwita kwa jina, wengine "dame wa Fundi," yaani msichana wake. Hakuwa akilitaja lile neno tena. Alikuwa akienda Mashimoni Jumapili kumfulia mashuka.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea Fundi uji. Mlango uko wazi, ameketi kitandani ameegemea ule ukuta wa matope. Akaja mtu wa viatu safi, anachagua mahali pa kukanyaga, akasimama nje akabisha.

"Hodi. Fundi yuko?"

Mimi nilifungua mdomo nimwambie ndiye huyu. Fundi akaninyamazisha kwa mkono. Akakohoa kwanza, akangoja kikohozi kiishe.

"Fundi hayuko," akasema. "Yuko Kawangware, kazini."

Yule bwana akachungulia ndani, akaona mzee na nyanya. Akasema ameelekezwa hapa, anatafuta fundi wa mawe, ana msingi uko tayari, na kona si za mchezo. Fundi akamwambia ndiyo, ndiye huyo. Anaitwa Mumbua. Nyumba ya mwalimu, nyuma ya soko.

"Mumbua ni mwanamke?"

"Nimekwambia fundi."

Bwana akacheka kidogo, vile watu wanavyocheka wakitaka ubadilishe maneno. Akasema alitaka hasa yule mwenyewe aliyefundisha, au hata mmoja wa vijana wake. Kama haiwezekani, labda huyo msichana aje na mwanaume wa kumsimamia.

Fundi akajiinua. Ilimchukua muda, akashika ukingo wa kitanda, na sikumsaidia kwa sababu najua hangetaka. "Bwana," akasema, "umekuja kuuliza fundi, nimekuonyesha fundi. Ukitaka mtu wa mkono, Mashimoni wamejaa, piga mluzi tu. Mimi mwenyewe nilikuwa mtu wake wa mkono. Nilimbebea karai. Muulize huyu mama."

Yule bwana akanigeukia. Nikamwambia ni kweli, nilikuwepo.

Fundi alikuwa amekaa tena, macho ameyafumba, mkono juu ya kifua. Sikumwambia asante. Kwa miaka mingapi alikuwa ametunyima lile neno, na sasa amelitoa kwa mgeni, Mumbua mwenyewe hayupo kulisikia? Nilimsogezea uji karibu, nikafunga leso yangu kiunoni, nikatoka nje nikamwambia yule bwana anifuate na atembee haraka. Nilikuwa na neno la kufikisha Kawangware kabla watu hawajashuka kazini, na nilitaka nilifikishe mbele ya wale sita.